Sentimita Moja ya Mzee Kuzumi

Kwa miaka thelathini na minane kazi ya Kuzumi Tadaharu ilikuwa kuharibu siku za watu, na aliifanya kwa moyo wake wote. Alikuwa mkaguzi wa pikipiki. Ukija kituoni na taa inayotazama juu kidogo kuliko sheria inavyotaka, alikurudisha. Ukija na ekzosi inayonguruma, alikurudisha. Na ukijifanya mjanja, ukaifungua ile ya kelele ukafunga ya kiwandani kwa ajili ya siku hiyo tu, aliinama akatazama nati zinazong'aa kwa upya, kisha akakuambia kwa upole, "Naona bomba la leo umeazima. Mwenyewe hajambo?"

Alikuwa na nyundo ndogo yenye mpini mrefu. Aligonga nati moja baada ya nyingine na kuzisikiliza, kama daktari anavyogonga kifua cha mtoto, na nati iliyolegea ilimtobolea siri. Kiunoni alikuwa na tepu ya chuma ya kupimia, aliyoinunua mwenyewe wiki yake ya kwanza kazini. Tepu hiyo ndiyo iliyopitisha na kuangusha pikipiki za wilaya nzima.

Siku ya kustaafu alipewa maua na saa ya ukutani. Nyundo aliiacha kituoni. Tepu aliondoka nayo.

Miezi ya kwanza, kwa kuwa hakuwa na cha kukagua, alikagua nyumba yake. Alipima kabati, alipima dirisha, alipima beseni la kuogea akaagiza kifuniko kipya. Kifuniko kilipoletwa kilizidi sentimita moja. Akaandika barua ya malalamiko, akaagiza duka lingine. Nacho kikazidi sentimita moja. Duka la tatu, vilevile.

"Siku hizi Japani nzima hakuna anayejua kupima," alimwambia mkewe, akaenda kutafuta msumeno.

Itsue, mkewe, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kifuniko cha kwanza akafunikia pipa la mboga za chumvi, cha pili akaanikia figili, na cha tatu, kilichokatwa upande mmoja, ndicho kilichofunika maji ya kuoga. Alivumilia mpaka siku mumewe alipoanza kupima nafasi kati ya vikombe kwenye rafu.

"Baba Sayoko," akasema, "sina ugomvi na wewe. Lakini nenda nje."

Nje, nyumba ya nne mtaa huohuo, aliishi Hatagi Eikichi.

Hatagi alitengeneza na kuuza tofu, jibini laini la soya, maisha yake yote, mpaka mkewe Toshie alipofariki na yeye akafunga duka. Chumba cha kutengenezea tofu, chenye sakafu ya zege na mfereji wa maji katikati, alikigeuza gereji ya pikipiki za zamani. Sinki kubwa la kulowekea soya sasa lililoweka kabureta. Wazee watano wa mtaa walikusanyika humo kila asubuhi kufufua vyuma vilivyokufa, na pikipiki yoyote iliyotoka kwa Hatagi ilinukia soya kidogo ikipata moto.

Kuzumi alipofungua mlango kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa usukani mpana wa pikipiki, umetundikwa ukutani mahali ambapo wengine huweka picha ya babu. Chini yake palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa brashi: ULIHUKUMIWA BILA HATIA. MEI 1989.

"Karibu, Mheshimiwa," Hatagi alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini. "Unamkumbuka marehemu?"

Kuzumi aliutazama usukani. Alikuwa ameangusha pikipiki maelfu, lakini hakuwa mtu wa kusahau namba. "Upana sentimita themanini na moja nukta sita," alisema. "Mwisho ulikuwa themanini na moja."

"Nilipima nyumbani. Ulikuwa themanini nukta sita."

"Ulipima na nini? Kisu cha tofu?"

Wazee wengine walicheka, Hatagi naye akacheka, na hivyo ndivyo Kuzumi alivyopata mahali pa kwenda kila asubuhi.

Pikipiki yake aliikuta kwenye ghala la mkulima wa mpunga, chini ya mabua, panya wamezaa ndani ya kichujio cha hewa. Ilikuwa ya miaka ya sabini, silinda mbili, ya aina ileile aliyowahi kuwa nayo Hatagi. Aliishughulikia majira ya baridi mawili. Alijifunza kwamba kusema "hii ina kutu" ni kazi ya dakika moja na kuitoa hiyo kutu ni kazi ya mwezi. Alijifunza kuomba msaada, jambo ambalo lilimsumbua kuliko kutu. Hatagi alimfundisha kunyoosha spoku, na kwa malipo alimficha nati, akamwekea kipande cha tofu baridi ndani ya kofia ya pikipiki, na siku moja akambandikia mgongoni karatasi ya IMEKATALIWA. Kuzumi alitembea nayo mpaka posta na kurudi.

Kuzumi naye alilipa kisasi kwa njia aliyoijua. Alikuwa akipita nyuma ya pikipiki ya Hatagi, anatoa tepu, anapima madigadi, anaguna, anaondoka bila kusema neno. Hatagi alikuwa akikosa raha siku nzima.

Mara moja tu hawakutaniana. Ilikuwa siku ya theluji, wengine hawakuja, nao wawili walikuwa wakiosha minyororo kwa mafuta ya taa. Hatagi alisema, kama anayesimulia habari za mtu mwingine, kwamba ule usukani aliukunja kwa mikono yake mwaka ule ili awe na nguvu ya kugeuza akiwa na mtu nyuma. Toshie alizaliwa milimani, na alitaka kuiona bahari ya kaskazini akiwa juu ya pikipiki, upepo usoni. Walikuwa wameshafunga vyakula. Pikipiki ikaanguka kwenye ukaguzi Ijumaa. Wiki iliyofuata wateja wakaongezeka, mwaka uliofuata wakaongezeka zaidi, na tofu haina likizo. Hawakwenda. Kisha Hatagi akasema, "Nipe kitambaa," na mazungumzo yakahamia kwenye minyororo.

Mwezi Machi pikipiki ya Kuzumi ilikuwa tayari. Tangi alilipaka kijani cha chai iliyokolea. Usukani wa asili ulikuwa umepinda kwa kuangukiwa na boriti ya ghala, basi alifunga mwingine, mfupi na wa chini, akaukata kwa msumeno wa chuma mpaka upana wake ukawa mdogo kadiri sheria inavyoruhusu. Cheti kilisema upana ni sentimita sabini na tisa. Sheria iliruhusu mbili zaidi au mbili pungufu. Kuzumi alipima kwa tepu yake mara saba: sabini na saba na nusu.

"Nusu sentimita ya usalama," aliwaambia wazee. "Mtu anayejua sheria huishi ukingoni mwake bila kuanguka."

"Tuwekeane," alisema Hatagi. Aliweka spana chini ili waone kwamba hatanii. "Ikipita kesho, naushusha usukani wangu ukutani na kibao chake, na hutanisikia tena nikiutaja mpaka nife. Ikianguka, unakuja hapa, unainama mbele yake, unasema: usukani, ulikuwa sahihi."

"Na kama maneno hayo ni uongo?"

"Utakuwa umeshindwa, Mheshimiwa. Aliyeshindwa hachagui maneno."

Wakapeana mikono, yote minne ikiwa na grisi.

Kesho yake asubuhi Kuzumi aliingia kituoni kupitia lango la wateja, kwa mara ya kwanza maishani. Mkaguzi wa mstari wa pikipiki sasa alikuwa Shibuki Manae, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyefundishwa kazi na Kuzumi mwenyewe. Mkononi alishika ile nyundo yenye mpini mrefu.

"Karibu, Mwalimu," aliinama. "Leo umesimama upande usio wako."

"Fanya kazi. Usinionee haya."

"Sikuwahi kufundishwa kuona haya, Mwalimu."

Akagonga nati. Kuzumi alifumba macho akasikiliza, na kila nati iliimba. Breki zikapita. Taa zikapita. Moshi ukapita, ingawa Shibuki alinusa akakunja uso. "Kuna harufu ya..."

"Soya. Haimo kwenye sheria."

Kisha Shibuki akachukua rula ndefu ya kituo, akaiweka kwenye usukani, akasoma. Akasoma tena.

"Sabini na sita na nusu, Mwalimu."

"Rudia."

"Nimesharudia. Mwisho ni sabini na saba. Umepungua nusu."

Kuzumi alitabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto. Akachomoa tepu yake kiunoni, akaining'iniza kwenye ncha ya usukani, akaivuta. "Soma mwenyewe."

Shibuki akasoma. Sabini na saba na nusu. Akaitazama rula yake, akaitazama tepu, akaenda ndani, akarudi na rula ya pili, na baadaye ya tatu. Zote zilisema sabini na sita na nusu. Nyuma yao vijana wenye pikipiki kubwa walianza kuchungulia.

"Labda tepu yako imechoka, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini.

"Chuma hakichoki."

"Ulinifundisha kwamba mkaguzi haamini jicho, haamini maneno ya mtu, anaamini kipimo cha kituo." Aligonga muhuri mwekundu kwenye karatasi, akaitoa kwa mikono miwili. "Raundi ya mchana ni saa saba. Nitakuwepo."

Kuzumi alikwenda kukaa karibu na mashine ya vinywaji, akanunua kopo la kahawa ya moto, asiifungue. Alikuwa na hakika kwamba kituo chote kimeharibika tangu aondoke. Alitazama karatasi aliyoishika. Ilikuwa fomu ya kawaida. Na mtu aliyekaa miaka thelathini na minane ofisini anajua urefu wa fomu kama anavyojua jina la mama yake: sentimita ishirini na tisa nukta saba.

Akatazama kushoto na kulia. Akatoa tepu. Akapima.

Thelathini nukta saba.

Akaigeuza karatasi, akapima upande wa pili, kana kwamba karatasi ina upande mrefu zaidi. Thelathini nukta saba.

Ndipo kumbukumbu ilipomrudia, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi huku akijua kwamba umo ndani. Oktoba 1988. Lori lilipita juu ya ncha ya tepu, likaichana. Tepu nzima nzuri kabisa, ila sentimita moja ya mwanzo. Kuitupa ingekuwa aibu. Alikata ile sentimita moja kwa mkasi wa bati, akatoboa tundu, akafunga ndoano kwa ribiti mbili, kazi safi isiyoonekana, na juu ya kasha akabandika kipande cha karatasi: TOA MOJA. Kwa siku kumi alitoa moja. Kisha binti yao Sayoko akazaliwa. Kuzumi alichukua likizo ya wiki, akarudi kazini macho mekundu, harufu ya maziwa begani, na mahali fulani kati ya nepi na usingizi kile kipande cha karatasi kilibanduka.

Ile moja haikutolewa tena.

Mei 1989. Themanini na moja nukta sita. Ukitoa moja.

Aliifungua kahawa sasa. Ilikuwa imepoa.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vipuri lililoishi kwa ajili ya watu walioanguka kwenye ukaguzi. Kuzumi alivuka. Ukutani zilining'inia sukani za kila aina, na mojawapo ilikuwa ya sabini na tisa kamili. Kazi ya nusu saa. Saa saba angepita, angeshinda, Hatagi angeushusha usukani wake na kunyamaza mpaka kufa, kama alivyoahidi. Hakuna ambaye angejua. Wazo lilimjia limevaa vizuri, limechana nywele, likasimama mbele yake kwa heshima.

Aliushika ule usukani mpya. Ulikuwa mwepesi.

"Mzee, unataka nikupimie?" aliuliza mwenye duka.

Kuzumi akafikiria vyakula vilivyofungwa kwa safari vikafunguliwa tena mezani siku ya Ijumaa. Akaurudisha usukani ukutani.

"Hapana," alisema. "Upo mmoja nimeshaupima vibaya."

Alipiga simu akiwa amesimama kwenye maegesho.

"Imeanguka," Hatagi alisema kabla ya salamu. "Nasikia unavyohema."

"Imeanguka. Ushushe usukani wako uulete huku."

"Tulisema utainama hapa gereji, mbele ya mashahidi. Na bado una raundi ya mchana. Usikate tamaa mapema hivyo, unaniharibia raha."

"Hatagi. Ulete. Na spana namba kumi na mbili."

"Niulete na kibao?"

"Na kibao."

Hatagi alifika na gari lake la zamani la kusambazia tofu, aproni bado kiunoni. Usukani alikuwa ameuviringisha kwenye taulo kama mtoto mchanga. Kuzumi hakueleza kitu. Alikuwa ameshafungua ule mfupi, na nyaya za klachi na breki zilikuwa bado zile ndefu za asili, kwa hiyo ule mpana ulikaa mahali pake bila ubishi. Hatagi alishika, Kuzumi alikaza.

"Unajua unachofanya?" Hatagi aliuliza. "Huu utaanguka pia. Themanini na moja nukta sita. Nimeikariri kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa."

"Nishikie hapo kushoto."

"Uzee umekuingia kichwani. Nitamwambia Itsue akupeleke kwa daktari."

"Kushoto, nimesema. Mkono wako umelegea kama tofu yako."

"Tofu yangu haikuwahi kulegea. Ondoa maneno hayo."

"Nimeondoa."

Hatagi akamtazama. Kuzumi hakuwa mtu wa kuondoa maneno.

Saa saba Shibuki aliweka rula juu ya usukani mpana. Kuzumi alisimama wima, mikono ubavuni, kama wale wote aliowahi kuwasimamisha pale.

"Themanini nukta sita," alisema Shibuki. "Iko ndani. Imepita."

Kofia ya Hatagi ilikuwa mkononi mwake, na mkono uliacha kuizungusha.

"Binti," alisema baadaye, "hebu soma tena."

"Themanini nukta sita."

"Mara moja zaidi. Kwa sauti ya serikali."

Shibuki alimtazama mwalimu wake. Kuzumi akaitikia kwa kichwa. Shibuki akajikohoza, akasimama kama wanavyosimama siku ya sherehe za kituo. "Upana wa usukani, sentimita themanini nukta sita. Unaruhusiwa."

Kijana mmoja kwenye foleni alipiga makofi mawili, halafu akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

Kuzumi alitoa tepu kiunoni, akaiweka kiganjani mwa Hatagi. Alimweleza yote pale pale mstarini: lori, mkasi wa bati, ribiti mbili, karatasi iliyobanduka. Hakujitetea, hata lile la Sayoko kuzaliwa alilitaja kwa sababu ya tarehe tu. Shibuki alisikiliza akiwa ameikumbatia nyundo. Kisha Kuzumi akarudi hatua moja nyuma akainama, mgongo umelala sambamba na sakafu.

"Usukani ulikuwa sahihi," alisema akiwa ameelekea chini. "Wewe ulikuwa sahihi. Nilikukosea mwaka 1989, na nikakucheka miaka hii yote kwa ajili yake. Naomba radhi."

Damu ilimshukia Kuzumi kichwani, na goti lake la kulia likaanza kulalamika. Akasikia mlio wa chuma ukichomoka kwenye kasha. Hatagi alikuwa amechuchumaa mbele yake, akipima kutoka sakafuni mpaka kwenye paji lake la uso.

"Bado sentimita moja," alisema Hatagi. "Shuka."

Kuzumi akashuka.

Shibuki aligeuka kutazama ukuta, mabega yakimtetemeka. Hata alipoinuka, Kuzumi hakujua kama acheke au la, mpaka alipouona uso wa Hatagi, uliokuwa unacheka na kulowa kwa pamoja.

"Unajua Toshie alisema nini?" Hatagi alijifuta kwa aproni. "Alisema, hukupima. Miaka thelathini. Nikikosea chochote, chumvi ikizidi, mlango ukikwama, anasema, hukupima, kama ule usukani wako. Namwambia nilipima, Toshie. Nilipima. Hakuniamini mpaka mwisho."

Kuzumi akasema, "Kesho nitakwenda kaburini kwake nimwambie mwenyewe."

"Utakwenda. Nawe tepu utaibeba." Hatagi alipuliza pua. "Na Jumapili tunakwenda baharini. Pikipiki hii, usukani huu. Mimi nakaa nyuma na picha yake."

"Una kilo tisini, Hatagi."

"Cheti kinasema watu wawili. Hakikusema wawili wembamba. Muulize mkaguzi."

"Cheti kinasema wawili," alisema Shibuki kutoka ukutani. Alikuwa amegeuka, na uso wake ulikuwa na swali. "Mwalimu, wale wengine je? Walioanguka kwa upana miaka ile yote?"

Swali hilo Kuzumi alikuwa ameshajiuliza akiwa na kopo la kahawa mkononi. "Nitabandika tangazo kwenye duka la vipuri na gereji zote za wilaya," alisema. "Mwenye usukani niliouangusha aulete kwa Hatagi. Tutapima upya kwa rula ya kweli. Aliyekuwa sahihi, nitainama mbele yake."

"Na aliyekuwa amekosea?" aliuliza Hatagi.

Jicho la Kuzumi likapata ule mng'ao wake wa zamani. "Huyo nitamwangusha mara ya pili."

Walipokuwa wakifunga taulo na spana, Hatagi alisimama ghafla. "Subiri. Pikipiki imepita leo. Kwa masharti yetu, wewe ndiye uliyeshinda."

"Nimeshinda," alikiri Kuzumi.

"Basi usukani umeshuka ukutani. Nimetimiza." Hatagi alikiokota kibao kutoka kwenye gari, akakisoma kwa umbali wa mkono, akaitazama tepu iliyokuwa bado kiganjani mwake. "Lakini msumari uko pale pale, na kibao ninacho. Nitatundika hii. Neno moja tu ndilo nitakalofuta."

"Lipi?"

"Bila."

Kuzumi alirudi nyumbani jioni, mikono yake ikiwa imetanuka kwenye usukani ambao kwa miaka thelathini na mitano haukuwa umeshikwa na mtu barabarani. Ulikuwa mzuri. Ulilala kwenye kona kama mtu anayejua njia. Alijaribu kukasirika kwamba ni mzuri kuliko wake, akashindwa.

Aliiegesha pikipiki, akavua viatu mlangoni, akaita kwamba amerudi. Harufu ya mboga za chumvi ilikuwa kali kuliko kawaida.

Itsue alikuwa amepiga magoti sebuleni, mikono mapajani, mgongo umenyooka. Simu ilikuwa kando yake. Mbele yake, vikiwa vimeegeshwa ukutani kwa mpangilio, vilisimama vifuniko vitatu vya beseni: kimoja kina duara la chumvi, kimoja kina nyuzi za figili, kimoja kimekatwa upande.

"Hatagi amepiga," alisema Itsue.

Kuzumi alivitazama vifuniko. Alimtazama mkewe. Alizikumbuka barua tatu za malalamiko, kila moja ikiwa na muhuri wake binafsi.

"Yale maduka," alianza, "nitayaandikia..."

"Utayaandikia. Karatasi ziko mezani." Itsue alisogea kidogo pembeni ili kumpa nafasi. "Lakini kwanza utawainamia hawa. Anza na wa kushoto, Baba Sayoko. Yeye ndiye aliyengoja zaidi."